Kelele ya Pili Kwenye Gari la Mama Carmel

Mtu akiniletea gari akaniambia, "Fundi, spika zimekufa," huwa namwambia azime mashine, ashuke, akae pale kwenye tairi na anyamaze. Spika haina kosa. Spika inasema kile ilichopewa na waya. Miaka kumi na minne nafunga redio za magari hapa Durban, uani nyuma ya duka la spea, Sydenham, na bado kila wiki anakuja mjuaji mmoja na spika mpya mkononi, kanunua bure, anataka nimbadilishie wakati tatizo ni waya mmoja uliofungwa na mvivu. Hasira zangu ziko hapo. Doris, mke wangu, husema nimezidi ukali, ipo siku wateja watanikimbia. Mimi namjibu wakikimbia watarudi, maana kelele wanaondoka nazo humo humo garini.

Basi Jumatano hiyo, mnamo saa nne asubuhi, akaingia Mama Carmel na Avanza yake nyeupe.

Jina lake Julienne, Mkongo wa Uvira, kazi yake kubeba watoto wa shule asubuhi na mchana. Hakuja kwangu. Alikuja kwa Papy, mwenzangu wa kazi, kwa sababu Papy ni mtu wa kwao, na kwa sababu mimi na huyo mama tulikuwa hatusalimiani vizuri. Ngoja nieleze kwa nini, maana bila hilo hutaelewa yaliyonipata.

Julienne alikuwa anamkimbia mume wake. Huyo mume anaitwa Gustave. Mimi nilikuwa simjui kwa sura, ila sifa zake nilikuwa nazo za kutosha. Alikuwa anampiga. Mwaka jana Julienne alimchukua binti yake Carmel wakaondoka, wakapanga chumba Overport. Wiki mbili tu, Gustave huyo mlangoni. Wakahamia Sydenham, mtaa wa tatu kutoka hapa kwetu. Siku kumi, Gustave huyo. Wakahamia Cato Manor kwa siri, mizigo wakaibeba kidogokidogo kwenye mifuko ya sokoni ili majirani wasishtuke. Huko ndiko alikomkuta akamvunja mkono wa kushoto. Mahakama ikampa Julienne karatasi ya kumzuia yule bwana asimkaribie, lakini karatasi haisimami mlangoni ikazuia mtu.

Kila mara swali lilikuwa lile lile: nani kamwambia? Waliojua alikohamia walikuwa wachache, na mtu pekee aliyejua mara zote tatu alikuwa mke wangu. Doris ndiye aliyekuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana. Walijuana kwenye saluni moja huku mjini, wakawa wanasukana na kupeana siri, na kila kuhama Doris ndiye anabeba sufuria. Wanawake wa Kikongo wakakaa wakajumlisha, wakasema ni huyu Mtanzania, mdomo wake hauna kitasa. Julienne akamwita nyoka mbele za watu, akafuta namba yake. Doris alilia wiki nzima. Na mimi mume, badala ya kumtetea, nikamwambia mezani mbele ya binti yetu Lulu, "Mama Lulu, na wewe nawe unaongea sana." Tangu siku hiyo, miezi minne, Doris ananiwekea chakula, ananifulia, nikiuliza ananijibu. Zaidi ya hapo hakuna kitu.

Sasa umeelewa kwa nini Mama Carmel aliponiona alinisalimia kwa adabu ya mbali.

"Papa Lulu, bonjour," akasema, kisha akamgeukia Papy. "Papy, hii gari iko na makelele. Watoto wanaziba masikio. Wamama wawili wameshasema watatoa watoto wao. Wakitoa, mimi nitakula nini?"

Redio ilikuwa mpya. Mwezi uliopita fundi mmoja wa kule Cato Manor alimwekea redio yenye kioo kikubwa, na ampli ya kukuza sauti chini ya kiti cha dereva. Kabla ya hapo alikuwa na redio ile ya kiwandani, wala haikulia hata siku moja.

Nilikuwa nimeapa nisijiingize. Nilikuwa na kazi yangu nyingine kwenye bakkie, pikapu ya mteja, nikainamisha kichwa huko. Lakini Papy alipowasha ile Avanza, nikasikia wiiiii nyembamba inapanda kila gari linapovuta mafuta, meno yakaniuma. Kuna watu hawawezi kupita mtoto analia barabarani. Mimi siwezi kupita altaneta, ile ya kuchajia betri, ikilia kwenye spika.

"Toka hapo," nikamwambia Papy. "Mama Carmel, kaa kwenye usukani. Nikisema kanyaga, kanyaga mafuta. Nikisema acha, acha."

Akakaa. Papy akasimama dirishani kwake anampigisha soga, maana Papy hawezi kufanya kazi wala kutofanya kazi bila kuongea. Mimi nikaingiza kichwa chini ya kiti. Haikunichukua hata dakika tano kumwona mchawi. Waya wa ethi wa ampli, ule unaopaswa kugusa chuma kitupu cha bodi, yule bwana alikuwa ameukaza na skrubu juu ya rangi. Juu ya rangi, jamani. Rangi haipitishi umeme, kwa hiyo umeme unatafuta njia nyingine ya kurudi nyumbani, na njia yenyewe inapita kwenye waya za sauti. Tena waya za sauti alizifunga pamoja na waya mnene wa betri, bega kwa bega, kutoka mbele mpaka nyuma. Nikamtukana huko huko chini ya kiti.

Nikachukua msasa nikakwangua mpaka chuma kikang'aa, nikaukaza waya wa ethi upya. Nikazing'oa waya za sauti nikazipitisha upande wa pili wa gari. Kazi ya saa moja hivi, na muda wote huo juu yangu wanaongea.

"Jumamosi ninahama," nikamsikia Julienne.

"Tena?" akauliza Papy. "Wapi?"

Nadhani alinikumbuka niko pale, akaona miguu yangu inatokeza mlangoni. Lakini mtu akichoka kuogopa huwa anajisahau. "Verulam," akasema kwa sauti ndogo. "Nyumba iko nyuma ya kanisa, geti ya buluu. Carmel mwenyewe sijamwambia. Wewe tu unajua, Papy."

Mimi nikajifanya sikusikia. Nikawaza, hapo sasa hakuna wa kumsingizia mke wangu.

"Kanyaga," nikasema.

Akakanyaga. Muziki ukapanda, gari likanguruma, na ile wiiiii haikuwepo. Safi kabisa. Papy akapiga makofi, Julienne akacheka, mara ya kwanza namwona anacheka baada ya muda mrefu. Nikajipangusa mikono, najisikia bingwa, nikazima muziki ili wasikie vizuri ule ukimya.

Spika zikasema: tititi, tititi, tititi, tiiii.

Kila aliyewahi kuweka simu ya zamani karibu na redio anaijua sauti hiyo. Ni simu inaongea na mnara. Sikushtuka. Nikakusanya simu zetu zote tatu, yangu, ya Papy na ya Julienne, nikaenda kuziweka kaunta ya dukani, mbali kabisa, nikarudi. Tukakaa kimya garini tunasikiliza. Dakika ya tatu: tititi, tititi, tiiii.

"Iko simu ndani," akasema Papy.

"Labda mtoto wa shule amesahau yake," akasema Julienne.

Tukapekua. Chini ya viti tukapata rula, kiatu kimoja cha kushoto, visanduku viwili vya chakula, kimoja na mkate ulioota ukungu. Simu hakuna. Nikazima mashine, kelele ipo. Nikachomoa waya za sauti nyuma ya redio, kelele ipo. Hapo nikaanza kupandwa na mori. Kelele ya kwanza ilikuwa uzembe wa mtu, hii sasa ilikuwa dharau.

Nina ujanja wangu kwa kazi hizo. Nachukua waya mfupi, upande mmoja nauchomeka kwenye ampli, upande wa pili nauacha wazi, kisha nautembeza taratibu ndani ya gari. Papy anauita pua ya Gosbert, kwa jina langu. Ukikaribia penye kelele, spika zinapiga zaidi. Nikatembeza. Chini ya viti, kimya. Kwenye paa, kidogo. Nikaja mbele, upande wa abiria, kwenye ile droo ya kuwekea karatasi, na hapo spika zikapayuka mpaka Julienne akaziba masikio.

Na sauti ilikuwa imebadilika. Mwanzo ilikuwa inakuja na kuondoka, kama simu inayotuma meseji. Sasa ilikuwa drrrrrr, haikatiki, kama simu ambayo mtu yuko hewani.

Nikafungua skrubu nne, droo ikatoka. Nikaingiza mkono juu ya kasha la hita mpaka kiwiko kikapotea. Vidole vikagusa kitu kimeviringishwa tepu ya kitambaa. Nikakivuta.

Kilikuwa kidude cheusi, kimo chake kama kiberiti, kimelala vizuri kabisa kwenye tepu yake. Waya mwekundu wa umeme, waya mweusi wa ethi, na waya wa tatu mwembamba unapanda pembeni ya kioo cha mbele kuelekea kwenye taa ya paani. Nikaifungua taa. Mwisho wa waya kulikuwa na kipaza sauti, kidogo kama punje ya dengu, kimetazama kiti cha dereva.

"Ni nini hiyo?" akauliza Julienne.

Papy ndiye alimjibu. Akamweleza kwamba humo ndani mna laini ya simu. Ukiitumia meseji, inakujibu gari liko wapi. Ukiipigia, inapokea yenyewe kimyakimya, na unasikia kila neno linalosemwa ndani.

Nimeona watu wakishtuka. Nimeona watu wanaambiwa gari lao limeungua. Sijawahi kuona uso wa mtu ukifa huku mwenyewe yu hai, mpaka siku hiyo. Hakupiga kelele. Midomo yake ilitikisika, nikaona anataja majina: Overport. Sydenham. Cato Manor. Akafika la mwisho, akajiziba mdomo kwa kiganja.

"Verulam," akasema ndani ya kiganja. "Nimesema Verulam. Nimesema na geti."

Na spika zikaendelea, drrrrrr, pale pale mbele yetu. Yule mtu alikuwa hewani. Alikuwa anasikia hata hilo.

Papy akapandwa na hasira. "Nani alifunga hii kitu? Tumtafute huyo fundi. Vraiment, tumvunje vidole kimoja kimoja asishike waya tena."

Mimi nilikuwa nabandua tepu nipate maungio ya waya niyakate. Tepu ikatoka. Chini yake, juu ya lehemu, waya ulikuwa umezungushwa uzi wa kushonea viatu, uzi wa nta, mizunguko saba, mafundo mawili, na ncha zimechomwa kwa kiberiti.

Nikaihesabu tena ile mizunguko: saba.

Marehemu mjomba wangu alikuwa fundi viatu Bukoba. Yeye ndiye alinifundisha kushika kitu chochote kwa mkono, na kabla sijajua umeme nilijua kufunga uzi. Mpaka leo nikishalehemu waya, naufunga uzi wa nta ndipo naweka tepu. Hakuna fundi mwingine Durban nzima anayefanya hivyo, najisifu kwa hilo kila siku. Papy yeye anakaza waya kwenye domino, vile viungio vya plastiki, na akiniona na sindano yangu ya uzi ananiita cordonnier, fundi viatu kwa Kifaransa.

Papy akauona uzi. Akanitazama mimi. Kisha akatazama chini, kwenye saruji, na hakusema tena habari za vidole.

Yakanijia yote, kama mtu kafungua bomba. Miaka miwili nyuma. Avanza mpya, haina hata namba, ina karatasi tu kwenye kioo. Mwanaume ana shati la pasi, ananukia vizuri, mpole, anasema asante kila baada ya sentensi. "Fundi, magari ya aina hii yanaibwa sana." Kweli yanaibwa. "Nataka kitu cha kujua liko wapi, na cha kusikia wezi wanasema nini." Nikamwona mtu mwenye akili. Kisha akaniinamia kidogo, akatabasamu. "Ufiche sana. Hata madame asijue. Wanawake wanaongea, si unajua."

Nami nikacheka. Ee Mungu wangu, nilicheka. Nikamjibu, "Ondoa shaka, mzee. Nitaificha mpaka mimi mwenyewe nitasahau." Na kweli nikasahau. Avanza nyeupe kwa wiki naweza kushika tatu. Huyo hakurudi tena, na Julienne nilikuja kumjua baadaye kupitia Doris.

Nikakaa kwenye kizingiti cha mlango wa gari na kile kidude mkononi. Miezi minne namwita mke wangu mropokaji. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na hapa nguo yenyewe nilishona mimi.

Mara zile drrrrrr zikakatika. Ukimya. Sekunde chache tu, nikaisikia simu yangu inaita kule kaunta.

Nikaenda. Sijui niliendaje. Namba sikuwa nayo.

"Fundi," sauti ikasema, pole, tulivu. "Pole na kazi. Nimekusikiliza tangu asubuhi, napiga na kukata, unaijua kazi yako kweli. Ile kelele ya kwanza umeitoa vizuri sana. Hii ya pili iache. Rudisha mahali pake, mwambie ile ni ya mwizi wa zamani, imekufa. Atakuamini."

Nikageuka kutazama uani.

"Uliniahidi madame hatajua," akasema. "Sisi wanaume tunaelewana. Asante, fundi." Akakata.

Ninakuambia kitu kimoja kwa ukweli, kwa sababu nimeshaapa kusema ukweli katika jambo hili. Nilisimama pale kaunta, nikafikiria kumdanganya Julienne. Sio kwa ajili ya yule bwana, kwa ajili yangu. Ningekata waya, ningetupa kidude, ningesema ni fundi asiyejulikana. Papy asingenisema, Papy ni ndugu. Lakini Doris je? Doris angeendelea kuwa nyoka kwa wale wanawake wote, labda maisha yake yote, ili mimi nibaki fundi mwenye jina.

Nikarudi uani. Nikakata waya mwekundu kwa koleo, nikachomoa ile laini nikaitia mfukoni. Kisha nikasimama mbele yake.

"Mama Carmel, aliyefunga hiki ni mimi."

Hakuelewa. "Wewe umekitoa."

"Nimekitoa sasa. Nilikifunga mimi, miaka miwili iliyopita. Alikuja na gari, ana ufunguo, nikajua ni lake. Akasema ni kwa ajili ya wezi. Na aliyepiga simu sasa hivi ni yeye, anataka nikirudishe."

Nilitamani anitukane, anirushie kitu. Hakufanya hivyo.

"Hii gari ni yangu," akasema. "Nilinunua na pesa ya kikundi ya wamama, miaka mitatu tulichangiana. Karatasi yake iko na jina yangu. Ulimuomba karatasi?"

"Sikumuomba."

"Na mimi nikija hapa peke yangu, niseme nifungie hii kitu, utaniomba?"

Hapo nilikosa pa kuweka uso. Kwa sababu ningemuomba. Pale uani mwanamke akija anataka kifungwe kitu cha kuficha, tunamuuliza, "Mzee wa nyumbani anajua?" Mwanaume akija hatumuulizi neno, ufunguo unatosha. Hakuna aliyetufundisha. Niliianzisha mimi mwenyewe desturi hiyo, nikidhani ndiyo heshima, na Papy akaifuata, na tulikuwa tunajisifu kwamba hatuvunji ndoa za watu.

"Ningekuomba," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu. Kisha jambo jipya likamfikia, nikaliona likimfikia.

"Na Doris?"

"Doris hakusema neno. Hata moja. Hata mimi mume wake hakuniambia ulikohamia mara ya tatu, nilisikia kwa watu baada ya wewe kuumizwa."

Hapo ndipo alipolia. Gustave hakumliza, kidude hakikumliza, mimi sikumliza. Alilia kwa Doris. Alijiinamia kwenye usukani akawa anasema, "Nilimwita nyoka, Papy, mbele ya wamama wote nilimwita nyoka," na Papy anampigapiga begani hajui la kusema, yeye anayejua la kusema kila siku.

Alipojipangusa uso akanyoosha mkono kwangu. "Nipe namba yake."

Nikamwandikia kwenye kipande cha boksi. Akachukua simu yake kaunta, akatoka getini, akavuka barabara, akasimama kule ng'ambo, kiganja kimefunika mdomo. Alikwenda mbali ili nisisikie. Nilibaki nimesimama na koleo langu, mtu mzima, namtazama mwanamke akinificha maneno yake kama ninavyostahili kufichwa.

Doris alifika kwa gari la kukodi kabla ya nusu saa, bado kavaa aproni ya kazini. Akanipita. Julienne alitaka kupiga magoti pale pale kwenye mafuta machafu, Doris akamdaka kwapani kabla magoti hayajagusa. "Acha mambo yako," akamwambia. "Saa ngapi Carmel anatoka shule? Tunamfuata sasa, hatungoji kengele. Wale watoto wengine nimeshampigia Mama Prodige wa kikundi chenu, atawabeba. Vitu vyako vya Cato Manor viache. Verulam sahau." Alikuwa amepanga yote ndani ya lile gari la kukodi. Huyo ndiye mwanamke niliyemwambia anaongea sana.

Nilimweleza kila kitu, nimesimama, mbele ya Papy. Nikamweleza na kicheko. Ningeweza kukiruka, hakuna aliyekijua ila mimi na yule bwana, lakini nilikisema. Doris alinisikiliza mpaka mwisho.

"Baba Lulu," akasema, "kesho unakwenda mahakamani kuandika maelezo. Yote. Na hicho kicheko ukiandike."

Wakaondoka na lile gari la kukodi. Avanza ilibaki uani, na mimi na Papy tuliifumua mpaka ikabaki mifupa, tukitafuta kingine. Hakikuwepo kingine. Mkono wangu ulikuwa umefanya kazi nzuri mara moja tu, na mara moja ilitosha.

Niliandika maelezo, nikaapa, nikakabidhi kidude na laini yake, nikataja na ile simu. Kicheko nikakiandika, karani akainua macho akanitazama, akaendelea kupiga chapa. Gustave aliitwa. Siku ya kesi tulipishana kwenye korido, kavaa shati la pasi. Akainamisha kichwa kwa adabu. "Fundi," akanisalimu, kama mtu anayekutana na fundi wake sokoni. Nikatafuta ukuta wa kuegemea. Hakimu aliamuru aende ndani kwa kuvunja ile karatasi ya mahakama, lakini ndani si milele, na kila mtu mle chumbani alijua hivyo.

Sasa uani kwetu kila anayetaka kitu cha kufichwa anatoa karatasi ya gari na kitambulisho, awe nani. Wanaume wanakasirika. Mmoja aliniuliza kama mimi ni polisi. Nikamwambia akae kwenye tairi anyamaze.

Doris ananiongelesha siku hizi. Sio kama zamani, ila ananiongelesha. Wanawake wa Kikongo walikuja nyumbani kumwomba radhi, sita kwa pamoja, wamefunga vitenge, na kuku mzima kwenye beseni. Mimi siku hiyo nilitumwa dukani, nikakaa huko mpaka walipoondoka. Radhi yangu mwenyewe niliiomba jikoni, peke yetu. Alisema amesikia. Hakusema amesamehe, nami sikumharakisha.

Julienne yupo mahali. Avanza iliuzwa, Papy ndiye aliyeisimamia. Papy hajui alipo, wale wanawake sita hawajui. Doris anajua. Kila Jumapili ya pili anavaa, anaondoka, anazima simu anapotoka getini, anarudi jioni.

Jumapili iliyopita alirudi na bakuli limefungwa kwenye taulo. Akanipakulia. Ilikuwa sombe, kisamvu cha Kikongo, imetwangwa laini, ina mawese na samaki mkavu, na sombe ya namna hiyo haipikwi nyumbani kwangu wala kwa Mtanzania yeyote ninayemjua. Nikaelewa imetoka kwa nani, na kwamba huyo mtu alipakua akijua nami nitakula. Nikataka kusema kitu, na kilichonitoka ni swali.

"Carmel amepata shule?"

Doris aliacha kijiko. Alinitazama, bila hasira, kama unavyomtazama mtu unayempenda na usiyeweza kumpa ufunguo.

"Kula, Baba Lulu," akasema. "Kitapoa."

Nikala.